Friza ya barafu, jenereta ya shemeji na usingizi wa mzee wa chumba cha mbele

Fundi, shikamoo.

Naomba unishike mkono kabla sijatupa hela. Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba sita vinatazamana, uwani tunachangia choo, kamba za kuanikia na mita moja ya LUKU. Nauza barafu za ukwaju, ubuyu na maziwa, na maji baridi. Wateja wangu wakubwa ni watoto wa shule. Friza yangu ni ile ya kulala, lita 200.

Umeme kwetu haukatiki kila siku, ila unakatika. Mwezi mmoja mara mbili, mwezi mwingine mara nne, kwa muda wa saa tatu au nne. Siku moja ulikatika asubuhi ukarudi saa mbili usiku. Nilipofungua friza vifuko vya ukwaju vilikuwa vimelala kama soksi. Niligandisha upya, ukwaju ukakaa chini, maji juu, watoto wakanirudishia.

Mwezi uliopita shemeji yangu, anayechomelea mageti, akaniazima jenereta yake ya KVA 5. Tukaiwasha uwani saa mbili usiku. Bati la bafuni lilikuwa linatetemeka. Mzee wa chumba cha mbele, ambaye ana presha na hulala mapema, alitoa kiti chake akakaa mlangoni, kiganja kimoja sikioni, anaitazama jenereta. Mimi hakunitazama. Hakusema neno. Dakika ishirini nikaona aibu nikazima mwenyewe. Asubuhi niliposalimia aliitikia, lakini hakuniuliza habari za biashara kama kawaida yake.

Sasa nataka ya kwangu, isiyo na kelele, na mfukoni siwezi kuvuka laki tisa. Shemeji anasema niichukue hiyo hiyo yake, bei ya ndugu, laki sita, "kubwa haikuangushi". Kariakoo nimeonyeshwa ndogo inayoitwa 950 kwa laki mbili na nusu. Nyingine ya boksi la plastiki, wameandika KW 2, muuzaji anaiita sailenti, laki tisa. Na mtumba wa Japani, nzuri kweli, laki tano. Usiku pia nahitaji feni, nina wadogo wawili. Na kijana wa umeme mtaani anasema atanitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake bila kuhangaika na ekstensheni.

Nichukue ipi? Na shemeji nimwambie nini, maana ni mwepesi wa kununa.

Mama Barafu, Tabata


Marahaba, mwanangu, na pole kwa ukwaju.

Naanza na ule waya wa plagi pande mbili, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri, huo hauwezi. Usikubali. Ukiuchomeka ukutani, umeme wa jenereta haubaki chumbani kwako. Unarudi hadi kwenye mita, na mita yenu ni moja, kwa hiyo vyumba vyote sita vinakula mgongoni kwako, pasi ya huyu na hita ya yule. Swichi kuu isipozimwa, unatoka nje kabisa, unaingia transfoma kinyumenyume na kupandishwa volti, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imekufa anakutana nao. Umeme wa kawaida ukirudi ghafla, jenereta ndiyo inayoungua. Na kile kichwa cha pili kikichomoka ukutani ni pini tupu zenye volti 230, zimelala sakafuni, na umesema una wadogo wawili. Mwenye nyumba yake hufungiwa swichi ya kubadilishia na fundi mwenye leseni. Wewe mpangaji vuta ekstensheni kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye friza. Iwe na waya mnene, milimita za mraba 1.5 kwa uchache, na uikunjue yote. Ikiwa imeviringwa inachemka.

Sasa tuje kwenye kelele.

Hakuna muuzaji hata mmoja aliyekuuliza unawasha nini, nami nashangaa huwa wanauzaje. Hebu tuhesabu wenyewe. Friza ya lita 200 ikiwa inatembea hula wati 150 hivi. Feni 50 au 60. Taa nne za LED za wati 9 ni 36. Televisheni ndogo 60. Simu mbili tatu ni kama hazipo. Jumla haifiki 400. Kitu kimoja tu kina tabia mbaya hapo: kompresa ya friza. Inapoanza, kwa muda wa kufumba na kufumbua, huvuta mara nne au tano ya hizo 150, pengine zaidi ikiwa ya zamani. Kwa hiyo unahitaji mashine inayobeba 400 kwa starehe na kuvumilia teke la 1,000 kwa sekunde moja.

KVA 5 ya shemeji ni wati 4,000 hivi. Ni lori la tani saba linalokwenda sokoni kuchukua gunia moja la mkaa. Na ubaya wa jenereta za aina hiyo ni kwamba hazijui kupunguza mwendo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ili ipatikane hezi 50 injini yake lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, uwe umechomeka mashine ya kuchomelea au chaja ya simu. Ndiyo maana mzee alisikia kelele ya geti zima wakati wewe unagandisha ubuyu. Petroli nayo inakwenda hivyo hivyo, karibu lita nzima kwa saa hata ikiwa haina kazi.

Zile za inveta zimetengenezwa tofauti. Injini inazalisha umeme wowote, halafu saketi iliyomo ndani ndiyo inayoupanga upya uwe volti 230 na hezi 50 safi. Kwa kuwa hezi haitegemei tena mwendo wa injini, mzigo ukiwa mdogo injini inashuka na kunguruma polepole. Zimefungwa ndani ya boksi lenye sponji, na zina uzito wa kilo 20 na kitu, unainyanyua kama ndoo ya maji iliyojaa. Mfano unaotajwa sana duniani ni Honda EU22i: wati 1,800 za kudumu, desibeli (kipimo cha kelele) 48 hadi 57 ukisimama mita 7, na tangi lake la lita 3.6 linafika saa nane kwa mzigo wa robo. Hiyo haiingii kwenye laki tisa zako, nimeitaja ili uwe na kipimo cha kulinganishia. Za bei yako zitakuwa na kelele zaidi kidogo na umaliziaji wa chini kidogo, lakini kazi ni ile ile.

Kwa hiyo jibu langu ni ile ya KW 2 ya boksi. Lakini kwa masharti, kwa sababu neno "sailenti" Kariakoo linabandikwa hata kwenye mashine inayoamsha wafu.

Siku ya kwenda, beba pasi. Sitanii. Muuzaji atakuwashia jenereta ikiwa tupu, imelala kwenye mwendo mdogo, na hata mimi ningesema ni kimya. Wewe mwambie awashe ile swichi ndogo iliyoandikwa ECO, inayoishusha injini mzigo ukiwa mdogo, sikiliza, kisha chomeka pasi yako ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, wati 1,000 hadi 1,200. Injini ya inveta ya kweli itapandisha sauti mara moja, utaisikia inavuta pumzi, na ukichomoa pasi itashuka tena. Ikibaki na mlio ule ule mmoja, au haina swichi hiyo kabisa, hiyo ni jenereta ya kawaida iliyovalishwa boksi, na uzito wake utakuthibitishia: kilo 40 si inveta ya KW 2. Iache na pasi dakika kumi. Jenereta ikizima, umeokoa laki tisa. Sauti uliyoisikia ikiwa na pasi ndiyo ya kujiuliza kama mzee wako ataivumilia.

Soma pia maandishi mawili. Kwenye wati, MAX ni ile ya sekunde chache tu, ya kupokea teke la kompresa. Inayokuhusu ni ya kudumu, wanaiandika RATED, nawe usishuke chini ya 1,600. Kwenye kelele, angalia imepimwa vipi. Lebo nyingi zina herufi LWA na namba kama 89 au 95. Hiyo ni nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine, na ukitaka kujua utasikia nini mita 7 mahali pa wazi, toa 25 hivi. LWA 89 ni kama 64. LWA 95 ni kama 70. Mwingine anaandika 58 tu bila kusema umbali, na hapo muulize. Kila kumi inayoongezeka, sikio la mtu huona kama kelele imekuwa mara mbili, kwa hiyo 58 na 68 si majirani hata kidogo.

Ya 950 isikutamanishe. Wati zake za kudumu ni 650, friza yako itaguna tu bila kuanza, na kompresa inayoguna bila kuanza inaungua. Halafu ni ya kuchanganya oili kwenye petroli, moja kwa hamsini, mililita 20 kwa kila lita. Ukizidisha inafuka moshi, ukipunguza inakufa. Kwa taa na televisheni ya kibanda cha mpira inafaa sana.

Mtumba wa Japani umenikumbusha aibu yangu. Niliwahi kuuziwa mmoja, mashine safi, haina hata mkwaruzo, sauti yake ukiwa chumba cha pili huisikii. Nikaifikisha nyumbani, nikachomeka feni: ikazunguka kama mtu anayetembea usingizini. Friji ikaguna. Taa za LED peke yake ndizo ziliwaka vizuri, ndiyo maana dukani nilidanganyika, kwani walinionyesha kwa taa. Zinazotengenezwa kwa soko la Japani hutoa volti 100, na vyombo vyetu ni vya 230. Za Marekani ni 120, na hezi 60. Washa tochi ya simu, usome kibao cha nyuma kabla hujaipenda.

Mahali pa kuiweka panapunguza kelele kuliko hela. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili unapunguza desibeli sita, lakini uwani kwenu ni kuta pande nne, sauti inagonga na kurudi, kwa hiyo usitegemee hesabu hiyo humo ndani. Ipeleke nyuma ya nyumba, uchochoroni, iwe na pembe ya ukuta kati yake na dirisha la mzee, iweke juu ya kipande cha godoro kuukuu au tairi lililolazwa ili sakafu isibebe mtetemo, na uifunge mnyororo kwenye kitu kisichong'oka. Usiifunike boksi wala blanketi, itachemka.

Na hapa sina mzaha: ekzosi itazame pasipo na dirisha wala mlango, na mashine iwe mita 6 kutoka dirisha lolote. Unajua habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke? Ni hewa hiyo hiyo, monoksidi ya kaboni, haina harufu, na jenereta inaitoa nyingi kuliko jiko. Inveta kwa kuwa ni kimya inamshawishi mtu aiingize koridoni kuiepusha na mvua au wezi. Koridoni hapana, barazani hapana, hata mlango ukiwa wazi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu jenereta ikiwa inatembea, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali. Kama hakuna sehemu yenye mita 6 pale kwenu, usinunue jenereta kabisa. Rudi kwangu tuzungumzie betri.

Kuhusu usiku, ushauri wangu ni usiwashe. Wengi bado wananunua jenereta za kuhimili mgao wa mwishoni mwa 2023, wa ratiba na wa mfululizo. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uingie kazini Februari 2024 tatizo la wengi limekuwa kama lako, la kukatika mara mojamoja, na mara mojamoja haihitaji injini kuunguruma hadi alfajiri. Friza iliyojaa isiyofunguliwa huhifadhi baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa joto la Dar na mpira wa mlango uliochoka punguza, na barafu yenye sukari hulegea mapema kuliko nyama, lakini usiku mmoja unavuka. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji zenye vijiko viwili vya chumvi kwa lita, usizijaze hadi shingoni. Maji ya chumvi yanaganda kwa baridi kali zaidi kuliko ya bomba, kwa hiyo yanapoyeyuka yanaishikilia barafu yako chini ya sifuri. Wauza aiskrimu wa zamani wote walijua hilo.

Adui wa friza yako ni mkono wako. Umeme ukikatika, mara moja hamishia barafu za kuuza siku hiyo kwenye deli, funga friza, uza kutoka kwenye deli. Washa jenereta kwa muda wa saa mbili mchana na muda kama huo jioni, uzime kabla ya saa tatu usiku. Friza iwe ya kwanza kuchomekwa, ECO ikiwa imezimwa, ikishaanza ndipo uongeze vingine na kuirudisha ECO. Saa nne hizo kwa mzigo wako hazimalizi lita mbili. Wakati huo huo chaji zile feni ndogo zenye betri yake, mbili, na balbu za kuchaji. Hizo ndizo za watoto usiku. Hazina mlio.

Mzee mwendee kabla ya kununua, si baada. Mwambie saa utakazowasha na utakazozima, na umuulize kama angependa waya wa feni na taa. Wati 60 hizo jenereta yako haitazihisi, na kelele ya mashine inayozungusha feni yako mwenyewe huwa haiumizi sana sikio. Nimeona ugomvi wa miaka miwili Mwananyamala ukiisha kwa ekstensheni moja.

Jenereta ya kutumia mara mojamoja haifi kwa kazi, inakufa kwa kukaa. Petroli ikilala miezi miwili mitatu ndani ya kabureta inageuka gundi, siku ya shida unavuta kamba hadi bega linauma. Ukimaliza kutumia funga koki ya petroli uiache ijizime yenyewe, kabureta ikauke. Mara moja kwa mwezi iwashe robo saa na friza ikiwa imechomekwa. Chagua siku usiyoisahau, mimi huwasha siku ya hela ya taka. Mpya nyingi huuzwa bila oili ndani, muulize muuzaji kabla hujaivuta hata mara moja. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi, zinazofuata kila saa 100 au miezi sita. Petroli ongeza ikiwa imezimwa na imepoa.

Kasoro ya inveta nikuambie pia: ile saketi ikiungua kwa mvua au kwa kuzidishiwa mzigo, kuibadilisha ni ghali. Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize fundi wa jenereta wa karibu na kwako kama aina hiyo anaipatia kabureta, plagi ya injini na kamba ya stata. Akikunja uso, chukua aina nyingine ya KW hiyo hiyo. Pasi na hita ya maji zisiguse mashine yako nyumbani. Pasi ni ya dukani tu.

Shemeji mwambie ukweli ulio mfupi: mzee wa chumba cha mbele hakuivumilia sauti ya jenereta yake, na wewe huna geti la kuchomelea. Kisha mwombe akusindikize Kariakoo kukagua hiyo nyingine, yeye ndiye ashike pasi. Fundi akiombwa maoni mbele ya muuzaji hununa kwa shida sana.